Waya Chini ya Kiti

Mashine yenyewe ina magurudumu matatu, kiti kimoja na reki pana nyuma, na hakuna mtu Tabora nzima anayeijua kunishinda mimi. Sijisifu. Iko moja tu. Kazi yake ni kusawazisha mchanga kwenye mashimo ya uwanja wa gofu, yale ambayo wachezaji huyaita bunka, yaliyochimbwa makusudi ili mpira ukiingia humo mtu ahangaike nao. Nilipomweleza baba kwa simu, alitaka kwanza kuhakikisha amenisikia vizuri.

"Kwa hiyo wanachimba shimo," akasema, "mtu anauvuruga mchanga, wewe unauchana, halafu anakuja mwingine anauvuruga tena?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Kazi ni kazi."

Baba alifanya kazi kwenye genge la reli pale stesheni ya Tura mpaka alipostaafu. Alikaza boliti, akabadili mataruma yanayobeba reli, akatembea juu ya njia ya treni jua na mvua. Kwake yeye kazi ni kitu ambacho ukikikosea treni inaanguka. Mchanga uliochanwa vizuri haukumwingia akilini, na mimi iliniuma. Nilikuwa mtu mzima mwenye mashine yangu, na bado nilitaka baba asimame mahali, anitazame, aseme hii nayo ni kazi.

Na ni kazi. Asubuhi napima oili injini ikiwa bado ya baridi. Nabonyeza matairi, kwa kuwa tairi lililojazwa sana huchimba mchanga badala ya kupita juu yake. Nakung'uta chujio la hewa, maana mchanga wetu ni laini, unaingia hata pale ambapo hewa inaona haya kuingia. Petroli siongezi injini ikiwa ya moto, hata anisimamie nani. Kwenye bunka naingia upande wenye mteremko mdogo, nashuka moja kwa moja, si kwa ubavu, kwa kuwa magurudumu matatu si manne. Reki naishusha nikiwa tayari mchangani, na wakati wa kutoka naiinua taratibu, la sivyo nusu ya bunka itabaki kwenye nyasi. Simpakii mtu. Mwanachama mmoja mwenye kitambi aliwahi kuniomba lifti, nikamwambia kiti ni kimoja na kimeshapata mwenyewe.

Chini ya kiti hicho kuna swichi. Mwendeshaji akinyanyuka, injini inazima palepale. Aliyeibuni alikuwa na akili sana, ila hakuwahi kuishi Tabora.

Uwanja wetu unakatwa na njia ya miguu. Watu husema ni njia ya misafara ya zamani, ingawa mjini kwetu kila njia ikizeeka kidogo huambiwa ilipitwa na misafara. Iwe ni ya misafara au si ya misafara, asubuhi hupita humo wazee wa kanzu wanaofungua maduka, akina mama wenye ndoo za vitunguu kichwani, na watu waliotoka vijijini kwa shida zao za hospitali. Mimi nimelelewa na bibi wa Kinyamwezi ambaye kwake mkubwa haamkiwi umekaa. Unashuka ulipo, unakunja goti, unainamisha macho, ndipo unasema shikamoo. Kumwamkia mtu mzima huku umekalia kitu kinachonguruma, bibi angeniuliza kama nimerogwa.

Basi nikawa nanyanyuka. Akipita mzee, nanyanyuka, injini inazima. Nawasha. Anapita mama, nanyanyuka, inazima. Mashine tuliipata ikiwa imeshatumika kwingine, na betri yake ilikuwa imechoka. Kufika shikamoo ya sita au ya saba ilikuwa haiwaki tena, na wakata nyasi wanaacha kazi zao kuja kunisukuma huku wakicheka. Wachezaji nao walicheka. Msimamizi wetu, mtu wa Dar es Salaam asiye na subira, hakucheka.

"Dada, we kaa tu," aliniambia. "Wapungie mkono. Si watu wazima? Watakuelewa."

Nikapunga mkono siku mbili. Siku ya pili mama mmoja wa vitunguu alisimama, akashusha ndoo yake kabisa, akanitazama.

"Mwanangu," akauliza, "unafukuza nzi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchana huohuo nilichukua plaizi na kipande cha waya, nikainua kiti, nikaziunganisha nyaya mbili za swichi zishikane moja kwa moja. Tangu hapo mashine ikawa haijui kama nimekaa au sijakaa. Nikawa nasimama, nashuka, naamkia, narudi kitini, na injini inaendelea kunguruma. Msimamizi alifurahi, akina mama walifurahi, na mimi nilijiona fundi kweli kweli. Wiki nzima ikapita, ikaja ya pili, ya tatu, hakuna baya lililotokea. Nikasahau kabisa kwamba waya ule upo.

Ndipo baba akaja kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na madaktari walianza na jicho la kushoto, la kulia lisubiri zamu yake. Walimfunga bandeji nyeupe, wakamwambia alale, asiiname, asibebe mzigo, na juu ya yote asianguke wala kujigonga, maana jicho lililotoka kupasuliwa halitaki mtikisiko. Kesho yake saa tatu tulitakiwa kurudi wamfungue. Nyumba yangu iko karibu na uzio wa uwanja, na njia ya hospitali ni ileile ya miguu. Nikamwambia mimi natoka alfajiri, yeye akiamka aje taratibu hadi uwanjani, tuondoke pamoja. Angeweza kunisubiri nyumbani, nami ningepita kumchukua. Sitaficha kitu: nilitaka anione juu ya mashine.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa siku mbili nilikuwa nahisi kanyagio la mwendo halirudi sawasawa. Ukiondoa mguu, mashine inasogea kidogo yenyewe kabla ya kusimama, na mara nyingine haisimami kabisa. Nilijua ni mchanga umegandamana chini yake. Nikasema Jumamosi nitalisafisha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, hawakusema matumbo ya nani.

Alikuja saa mbili na nusu, kofia kichwani, bandeji jichoni, mkononi kidumu kidogo cha asali aliyotoka nayo Tura ampe daktari. Alisimama njiani, bunka niliyokuwa nimetoka kuichana ikiwa nyuma yake na kuliani kwake. Mimi nilikuwa juu kidogo, kwenye mteremko wa nyasi. Nilipomwona nikainua reki, nikaruka chini, nikamwendea. Breki sikuvuta. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, mimi ninayevuta breki hata mahali pa tambarare, na jibu ni kwamba nilikuwa na furaha. Hakuna zaidi.

Nikapiga goti mbele yake, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeamka salama?"

"Salama, baba. Jicho limelalaje?"

"Limelala vizuri. Na kazi?"

"Nzuri."

"Na hiyo mashine yako, haijambo?"

"Haijambo," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake. Salamu za kwetu hazina haraka, na anayeamkia haangazi macho huku na huku. Nikasikia mngurumo umekuwa karibu kuliko ulivyotakiwa. Nikainua uso. Mashine ilikuwa imenipita ubavuni, inashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, inamwendea baba upande wa kushoto, upande wa bandeji. Yeye alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu.

Sijui kwa nini sikusema "baba" wala "angalia". Nilipiga kelele neno tulilokuwa tukilipazia sauti utotoni kule stesheni mtu akizubaa juu ya reli: "Gari!"

Mtu mwingine angegeuka kutazama. Baba hakugeuka. Mtu wa genge hutoka njiani kwanza, mengine atayaona baadaye. Aliachia kidumu, akatupa mguu kulia, akakosa ardhi, akaenda chini kwa makalio ndani ya bunka. Gurudumu la mbele likapita pale miguu yake ilipokuwa, likapasua kidumu, likashuka mchangani na kuzama, mashine ikakwama hapo inanguruma. Niliufikia ufunguo, nikauzungusha. Injini ikazima, nikamgeukia baba.

Baba alikuwa amekaa mchangani, kiganja juu ya bandeji.

"Jicho!" nikalia. "Baba, jicho!"

"Jicho lipo," akasema. "Asali ndiyo haipo."

Nilimfuta mchanga begani, shingoni, masikioni, nikilia kwa sauti. Alininyamazisha kwa mkono. Kisha akainuka polepole akinishika bega, akaisogelea mashine, akaitazama kwa jicho lake moja lenye ukungu kama anavyotazama behewa.

"Ikiachwa na mwenyewe, hii haizimi?"

Ningeweza kusema kanyagio limekwama. Ingekuwa kweli, na msimamizi aliyekuwa anakuja mbio angeridhika. Lakini baba alikuwa amesimama hapo na mchanga kwenye kofia, nami sikuweza. Nikainua kiti, nikamwonyesha waya.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nikinyanyuka inazima. Ilikuwa inanizimikia kila nikiamkia watu. Sikutaka izime mbele yako."

Baba akaugusa waya kwa kidole. Msimamizi naye alikuwa amefika, akainama kutazama chini ya kiti.

"Tura tulikuwa tunaweka kabari kwenye behewa lililosimama mwaka mzima," baba akasema. "Limeota na nyasi, tunaweka. Basi izime, mama. Mimi nitasubiri."

Njia nzima ya kwenda hospitali nilikuwa nimemshika mkono kama anayeweza kumwagika. Kwenye benchi pale nje nilikaa nikitazama mlango, na ninasema wazi kwamba sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baadaye. Niliwaza amekuja kwangu akiwa na jicho linaloweza kupona, na huenda nikamrudisha Tura bila jicho, kisa heshima. Tulipoitwa, muuguzi alibandua bandeji taratibu, akasafisha, daktari akamulika kwa tochi yake, akamulika tena. 

Baba alipepesa. Akatazama dirisha, akamtazama daktari, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi chini.

"Viatu vyako vina asali," akasema.

Nililia tena, mbele ya daktari, bila aibu.

Jioni hiyo niliutoa waya na kuurudisha muunganisho wa swichi kama ulivyokuwa. Nikalifungua kanyagio, nikakuta mchanga wa kujaza kiganja. Nikamweleza msimamizi yote bila kupunguza, naye akanitoa kwenye mashine mwezi mzima, akanipa reki ya mkono. Sikununa. Ilikuwa haki yangu, na isitoshe nilijifunza kingo za bunka zinavyotaka kuchanwa, jambo ambalo mashine haiwezi. Niliporudi kitini nilidai betri mpya na sikuacha kudai hadi ikanunuliwa.

Sasa nimefundisha wengine wawili kuiendesha. Siwaanzishi na usukani. Nawafundisha kwanza namna ya kuiacha: shusha reki, vuta breki, zungusha ufunguo, weka ufunguo mfukoni, ndipo ushuke ukaamkie unayetaka kumwamkia. Wakiniuliza kama haitapoteza muda, nawaambia itapoteza, na waache ipoteze. Akina mama wa vitunguu wameshazoea. Wakiniona nahangaika na breki wanapunguza mwendo, na yule wa nzi siku hizi hushusha ndoo kabisa tukaongea.

Baada ya mvua kwisha baba akarudi kwa ajili ya jicho la kulia. Safari hii sikumwambia apite uwanjani. Nilikuwa mwishoni mwa bunka ya mbali nilipoona kofia yake inakuja ile njia, anatembea katikati kama mtu anayeona pande zote. Aliponiona akasimama. Hakuita, hakupunga. Alisimama tu, kidumu cha asali mkononi, safari hii hakukiachia.

Nikaishusha reki. Nikavuta breki. Nikazungusha ufunguo, na uwanja wote ukanyamaza.

"Marahaba, mama," baba akaitikia kutoka kule njiani, nami bado niko kitini, shikamoo sijaitamka.