Maji ya Mzazi wa Kitangari

Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuchipuka, nilipewa safu ya malezi. Niliandika kuhusu kunyonyesha na kubembeleza watoto kwa ujasiri mkubwa, ingawa mwenyewe sikuwa na mtoto. Siku moja msomaji wa Kitangari, Mama Amina, akanialika: binti yake Amina amejifungua, nije nione wanavyolea huko. Nilifurahi, halafu nikaingiwa na hofu. Wakigundua sijazaa, watanisikiliza tena?

Masasi nililala usingizi wa pono, maana basi la kutoka Dar es Salaam lilinivuruga mifupa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye vilima vya mawe, nilinunua kanga na sabuni, nikapanda pikapu ya wanunuzi wa korosho. Ilipanda kwenda Newala ikihema. Upepo wa juu ulikuwa mtamu, nikaimba na abiria wenzangu nyimbo nisizojua maneno yake.

Kitangari nilifika mchana.

"Shikamoo, Mama Amina."

"Marahaba, karibu mwanangu. Nasi tukuite mama nani?"

Nikajifanya natafuta zawadi mkobani. Alipoziona, alicheka hadi akashika kiuno. "Kanga na sabuni tu! Huku anayekuja kumwona mzazi huja na maji."

Basi nikateremka bondeni na akina mama wa jirani. Wakati wa kupanda, ndoo ilinimwagikia mgongoni.

"Dada wa gazeti, unaoga kabla ya mtoto!" wakanitania.

Nilifika na nusu ndoo, nikiona aibu. Mama Amina akaimimina kwenye beseni pamoja na maji ya wenzangu, akanivuta ndani alikokuwa Amina. Akamwogesha mjukuu wake Zuhura, aliyekuwa akipiga kelele, akaniwekea mikononi.

"Mimi sina mtoto, mama," nikasema, kwa kuwa namna nilivyomshika ilikuwa imeshanisaliti.

Amina akamtazama mwanawe, aliyeanza kusinzia. "Si umemletea maji? Unaye huyu."

Nikalia kwa furaha, wakanicheka wote.

Siku ya kuondoka nilikaa nyuma ya pikapu nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimejifunza kwamba Kitangari hakuna aliyejali kama nimezaa. Pale walitaka tu kujua kama nitabeba, iwe ndoo au mtoto. Gari likawashwa. Jirani mmoja akapaza sauti kutoka njiani, "Mama Zuhura!"

Amina akiwa mlangoni, nami garini, tukaitikia pamoja: "Abee!"