Sekunde nane za wakili

Saa mbili na robo asubuhi. Feni imezimwa, dirisha limefungwa, na mwanamke aliyevaa hedifoni anamsikiliza wakili akivuta pumzi.

Anairudia pumzi hiyo mara mbili. Kwenye kompyuta inaonekana kama kilima kidogo katikati ya vilima vikubwa vya maneno. Anaiwekea alama kwa kipanya, anabonyeza, inapotea. Wakili sasa anaongea kana kwamba hahitaji hewa.

"Watu hawajui wanavyohema," anasema bila kugeuka. "Mtu ana shahada tatu, lakini anahema kama aliyepanda ngazi na gunia."

Wenzake humwita Mkasi. Ana miaka thelathini na sita, na kwa miaka saba amekuwa mhariri wa sauti katika studio ndogo inayorekodi mazungumzo ya wataalamu na kuyauza kwa redio. Chumba chake kilikuwa stoo ya duka la rangi. Ukutani yamepigiliwa mablanketi mazito ili sauti isirudi, na siku za joto harufu ya rangi bado hutoka sakafuni. Feni haiwashwi wakati wa kazi, maana mlio wake hupenya hadi chumba cha kurekodia.

Mgeni huongea dakika hamsini hivi. Redio inataka ishirini na nane, si zaidi. Mkasi hukata vikohozi, vicheko vilivyorefuka, "eeh" na "yaani", na zaidi ya yote hukata kimya. Siku moja alihesabu akakuta kipindi kimoja amekikata mara mia tatu na arobaini. Analipwa kwa kipindi, vipindi vinne kwa mwezi, na malipo ya viwili huishia kwenye kodi ya vyumba anavyoishi na binti yake pamoja na mama yake mdogo.

"Kimya redioni ni kama pengo la jino," anaeleza. "Mtu haoni mengine, anaona hilo tu. Anadhani betri imekwisha, anahamia stesheni nyingine."

Wiki iliyopita alikuja mtafiti wa mwenendo wa wanunuzi, kueleza kwa nini mtu mwenye pesa ya kopo zima la sabuni bado hununua pakiti ndogo ndogo. Aliongea mbio kiasi kwamba hapakuwa na mahali pa kukata. "Yule ningemkopesha pumzi za huyu wakili," Mkasi anasema, na kucheka kidogo.

Kisha anaacha kucheka. Amefika dakika ya thelathini na moja. Mtangazaji anamuuliza wakili, bingwa wa sheria za uchaguzi: mtu ana kadi ya kupigia kura, lakini jina lake halimo kwenye daftari la wapigakura. Siku ya kura aende kituoni?

Wakili ananyamaza. Kompyuta inahesabu sekunde nane. Kisha anasema, "Aende."

Kwa kawaida ya studio, kimya kinachozidi sekunde moja hukatwa. Kipindi kinatakiwa redioni kesho, na uchaguzi uko wiki sita mbele. Mkono wa Mkasi uko juu ya kipanya, lakini habonyezi.

"Nikikata hapa, atasikika ana uhakika," anasema. "Na hana."

Ana sababu ya kuogopa. Miaka miwili iliyopita alihariri mazungumzo na mtaalamu wa masoko ya huduma za afya, mtu anayezishauri hospitali namna ya kujitangaza. Alieleza kwa uwazi jinsi picha zinavyochaguliwa, jinsi ushuhuda wa wagonjwa unavyopangwa, na kwa nini daktari wa kwenye tangazo hutabasamu bila kuonyesha meno. Mwishoni akaulizwa kama mgonjwa aliyeona tangazo la namna hiyo anaweza kwenda kutibiwa bila wasiwasi.

Mtaalamu alinyamaza sekunde sita. Akameza mate. Akasema, "Anaweza." Muda ukawa umekwisha.

Mkasi alizikata zile sekunde sita, pamoja na kule kumeza mate. "Nilikata vizuri sana," anasema. "Hata mimi niliporudia kusikiliza, sikuuona mshono."

Miezi minne baadaye mama yake mdogo, ambaye ni mshonaji wa nguo, alianza kuona ukungu kwenye jicho la kushoto. Zahanati ilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Akaikunja, akaitia kwenye kopo la vifungo, akaenda kwenye kliniki iliyokuwa ikitangaza matone ya macho kila kona. Aliyatumia matone hayo miezi mitano. Alipofika hospitali, madaktari waliliwahi jicho la kulia, ambalo nalo lilikuwa limeanza ukungu. La kushoto halikurudi.

Familia ilikaa kumuuliza kulikoni. Alijibu kwa utulivu: "Nilimsikia mtaalamu kwa masikio yangu, tena kwenye kipindi cha mtoto huyu huyu. Aliulizwa, akajibu hapo hapo. Hakusita hata kidogo."

Mkasi alikuwa pembeni yake, anamenya viazi. Aliendelea kumenya. Tangu siku hiyo, kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini amekuwa akimtungia mama mdogo uzi kwenye sindano kumi, azikute tayari.

"Natunga, ananiambia asante mwanangu, na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

Saa nne anampigia wakili simu. Yuko safarini, hawezi kurudi kurekodi upya. Mkasi anamuuliza, kwa adabu nyingi na kwa kuzungukazunguka, kile kimya kilikuwa cha nini.

"Nilikuwa nawafikiria watu ninaowajua waliokwenda wakarudishwa," sauti ya wakili inajibu. "Nilichosema ni sahihi, ila si chote. Usikiondoe."

Kulikuwa na mlima mmoja zaidi, naye ni bosi. Ni mtangazaji mstaafu, mtu mpole, ingawa studioni wanasema hupima hata chai yake kwa sekunde. Aliposikia habari ya sekunde nane alitikisa kichwa. Redioni, alisema, hicho si kimya, hilo ni kaburi, na mdhamini wa kipindi atapiga simu kabla ya wimbo wa mwisho. Mkasi alimhakikishia kwamba kipindi kitabaki dakika ishirini na nane. Amefidia kwa kukata utangulizi wote ambamo mtangazaji anazitaja shahada za mgeni moja baada ya nyingine.

Bosi akamuuliza imekuwaje mtu aliyekula kiapo cha kukata kwa miaka saba leo anakipenda kimya ghafla.

Hapo, kwa mara ya kwanza, Mkasi alimsimulia mtu habari ya lile jicho. Mlango ulikuwa wazi. Mtangazaji aliyekuwa akipita na kikombe alisimama hapo hapo hadi mwisho.

Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mdhamini akipiga," alisema, "simu nakupa wewe."

Kipindi kiliporushwa hewani, mdhamini hakupiga. Ila kesho yake fundi viatu anayekaa mbele ya jengo alimsimamisha Mkasi. Alikuwa anasikiliza kipindi huku anashona soli, redio ikakatika, akaipiga makofi mawili, ndipo sauti ya wakili ikarudi. Alipogundua kwamba redio haikuwa na kosa, alifunga kazi mapema akaenda kuangalia jina lake kwenye daftari. Hakulikuta.

"Msomi akinyamaza vile, mimi mshona viatu nitakaa tu?" alimwambia. Ameanza kulifuatilia, na muda bado anao.

Likabaki moja. Mkasi aliomba simulizi hii isubiri kuchapwa hadi Jumapili ipite. Hakutaka mama yake mdogo asomewe gazetini jambo ambalo yeye mwenyewe alishindwa kumwambia.

Jumapili jioni, vyombo vilipokwisha kuoshwa, alimwambia yote.

"Alilia mpaka nikasahau kwamba jicho ni langu," anasema mama mdogo, Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye cherehani. Ana miaka hamsini na tisa. Anashona pindo la gauni akilifuata kwa kidole zaidi kuliko kwa macho. "Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa nimeshaamua. Hospitali niliiogopa, nilikuwa natafuta tu mtu wa kuniambia ndiyo."

Anakata uzi kwa meno, kisha anamgeukia Mkasi.

"Lakini ungeniacha nimsikie yule bwana anasita, labda ile kliniki nayo ningeiogopa. Hilo sikufichi."

"Najua, mama," anajibu Mkasi.

Mwezi ujao mtaalamu wa masoko ya afya anarudi studio. Mkasi ndiye aliyeomba aitwe, bosi akakubali. Mtaalamu mwenyewe, alipoelezwa sababu, hakutafuta visingizio. Alisema ile "anaweza" yake imekuwa ikimkereketa tangu siku ile.

Swali la kwanza limeshaandikwa juu ya karatasi. Ni la mama mdogo: "Nitaijuaje kliniki inayojitangaza kwa sababu inajua kutibu, na ile inayojitangaza kwa sababu kodi ya jengo imefika?"

Tumaini la Mkasi ni kwamba safari hii jibu litakuja lote. Wasiwasi wake ni mtangazaji.

"Ana huruma, hawezi kumwona mgeni anahangaika na jibu, lazima amrushie neno," anasema. "Nimemwambia akishauliza hilo swali, afunge mdomo. Amwache atafute, hata ipite dakika nzima. Hiyo dakika nitaipeleka redioni kama ilivyo."