Sinia la Maziwa Bondeni

Wenzangu mliokulia Njombe miaka ile ya ruksa, bila shaka vidole vyenu bado vinaikumbuka Juni. Tulikwenda shule pekupeku juu ya majani yaliyoganda, yakikatika chini ya nyayo kama vioo vyembamba. Njiani tulimwinua ng'ombe aliyelala ili tusimame pale alipopaachia joto, na aliyewahi alisukumwa na waliochelewa. Mtoto wa leo ana soksi mbili na koti la manyoya, na bado anaomba bodaboda.

Nyumbani kwetu ni Yakobi. Nilikuwa darasa la tano, na dada yangu Faraja alikuwa amemaliza la saba mwaka mmoja kabla. Yeye ndiye aliyenifundisha kukwangua viazi ndani ya maji, kuyaacha yatulie, kisha kukusanya wanga mweupe uliobaki chini ya beseni ili tuupake kwenye kola za sare. Kola zake zilisimama kuliko za mtoto yeyote pale shuleni. Lakini mwaka huo hakuwa na kola ya kunyoosha. Alilala chumba cha jikoni, karibu na moto wa kuni za miwati, kifua kikimbana, na chakula kilikuwa kimemshinda. Uji aliunusa tu na kugeukia ukutani. Mama alikuwa amepanga kumpeleka hospitali ya Ikonda, ila alitaka kwanza apate nguvu ya safari.

Jumamosi moja alikuja Mjomba Yoeli, mdogo wake Mama. Alikuwa utingo wa lori kule Makambako. Ndiyo miaka ambayo magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika, na tajiri wake alikuwa amenunua moja. Chini ya kiti Mjomba aliokota kitabu cha mapishi, picha tupu, na maandishi kama nyayo za kuku kwenye majivu. Akamletea mgonjwa apoteze mawazo.

Faraja alikifunua polepole mpaka ukurasa wenye vidonge vyeupe, mviringo kama mayai ya bata, vimepakwa unga. Kimoja kilikuwa kimekatwa, na ndani palionekana kitu cheupe chenye chembe za barafu.

"Hiki ningekula," akasema.

Siku nne alikuwa hajasema angekula kitu.

"Mjomba, hiki ni nini?" nikauliza.

"Naona ni barafu ya maziwa, kama zile wanazouza stendi. Imevalishwa."

"Imevalishwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi napanga magunia. Hebu tazama mkono wa huyu mama wa kwenye picha, unga unavutika kama gundi. Si wanga huo mnaopaka kwenye kola?"

Nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wanakimbia, na swali nililokosa jibu lake lilininyima raha. Jioni ile nilichemsha maziwa na sukari, nikayamimina kwenye sinia la bati, yakatandaa kwa tabaka jembamba, nikalipeleka bondeni kwenye vinyungu vyetu, zile bustani za majimaji ambapo baridi ilikuwa ikiunguza maharage kila mwaka. Alfajiri nilikuta yameganda. Nikayakwangua kwa kijiko huku nikilia kwa maumivu ya vidole.

Kosa langu lilikuwa kwenye wanga. Kwetu mgonjwa hakupewa kitu kilichopoa. Ugali uliopoa ulikuwa wa mbwa, na uji uliopoa ulirudishwa motoni hata mara tatu. Basi nikausonga wanga na sukari mpaka ukang'aa, nikauchota ukiwa unafuka moshi, nikaweka maziwa yangu katikati. Kabla sijafunga, yote yalikuwa yamechuruzika mpaka kwenye kiwiko. Faraja akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamleta Mama.

Mama aliitazama ile rojo, akalitazama sinia lenye barafu.

"Neema, hii baridi ulitaka kumpa nani?"

Nikajifuta kiwiko kwa sketi.

"Mgonjwa wa kifua hapewi baridi. Unataka kumuua dada yako? Nikikuona tena na hilo sinia, utanitambua."

Nililirudisha sinia mahali pake. Lakini Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya safari, na tangu Jumamosi Faraja alikuwa amekunywa maji ya moto tu. Jumapili jioni akaninong'oneza, "Mdogo wangu, uache upoe kwanza."

Nikafanya hivyo. Nilisonga wanga, nikaulaza nje kwenye bakuli, na sinia nikalirudisha bondeni. Alfajiri wanga ulikuwa laini, baridi, ukivutika kama ule wa kwenye picha. Nilivifunga vidonge vitatu. Viwili vilipasuka mikononi. Kimoja kilitoka mviringo, nikakivingirisha kwenye wanga mkavu, nikampelekea Faraja kwenye kisahani cha chai.

Aling'ata. Akafumba macho. Akatafuna taratibu, akang'ata tena mpaka kikafika nusu.

"Kinauma meno," akasema huku akitabasamu. "Kitamu."

Hapo nikasikia ndara za Mama. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, nikajifanya nafuata kuni. Niliporudi, kisahani kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa. Mama alimfunga Faraja blanketi, wakaenda kupanda basi.

Baada ya wiki tatu Mama alirudi na chupa ya chai na blanketi limekunjwa.

Shule niliiacha mwaka uliofuata. Nimeuza vitunguu Makambako, nimelima vibarua Kitandililo, nimepika kwenye migahawa ya madereva mpaka Tunduma. Kila mahali niliuliza: je, baridi inaua mgonjwa wa kifua? Muuguzi mmoja mzee, niliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi, aliniambia kwamba nusu kidonge cha maziwa hakikumuua mtu. Nilimwamini muuguzi. Lakini aliyekuwa na haki ya kuniambia hivyo alikuwa mmoja tu, Mama, na sikuthubutu kumuuliza.

Siku hizi friji lipo kila duka, na Juni yenyewe nayo imelegea. Mwaka jana binamu yangu, binti wa Mjomba Yoeli, alitengeneza vidonge vilevile nyumbani. Unga wake ulitoka Dar es Salaam kwenye pakiti, na kila hatua aliiuliza simu. Hakuchubuka kidole, wala hakukosea hata mara moja, maskini. Alimpa Mama kimoja kwenye kisahani. Nikataka kutoka kwa mlango wa nyuma, mtu mzima mimi.

Mama alikishika, akakibonyeza kwa kidole gumba. Akang'ata kidogo, akatafuna muda mrefu.

"Kizuri," akamwambia binti. Kisha akanigeukia mimi. "Ila kile cha kwetu kilikuwa laini kuliko hiki. Ile nusu iliyobaki dada yako alinilisha mwenyewe, kwa mkono wake."