Mbeleko ya Kupigia Picha

Mélanie alitandaza nguo zake zote kitandani, na bado nusu ya kitanda ikabaki wazi. Palikuwa na gauni la mtumba lenye vifungo vya dhahabu, blauzi nyeupe aliyopewa kanisani, kitenge kilichopauka, na pembeni kabisa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Kesho yake mchana alitakiwa studio kwa Hamdani kupigwa picha. Hakuwa na furaha wala hofu. Tangu avuke ziwa moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa acheke kidogo, anacheka.

Picha yenyewe haikuwa ya urembo. Watu wanaowatafutia watoto wazazi wao walimweleza kwamba makambini kuna wadogo wasioweza kutaja hata kwao. Ukimwuliza mama yake anaitwa nani, anakujibu, Mama. Haya, huyo utamtafutia wapi? Ndiyo maana zikatakiwa sura za wazazi, picha za rangi, watoto waonyeshwe. Mtoto akinyoosha kidole, kazi imekwisha. Asiponyoosha, basi tena. Bukeyeneza, bintiye Mélanie, alikuwa na miaka mitatu, na ni kidole chake hicho kilichokuwa kinangojwa.

Walipotezana ufukweni, upande wa Burundi, siku ya kukimbia. Boti imejaa, watu wanasukumana. Mélanie akafungua mbeleko, akamkabidhi mtoto kwa mwanamke aliyekwisha kukaa, ili naye apate mikono ya kupandia. Boti ikasukumwa. Yeye akabaki na maji magotini na mbeleko mkononi. Baadaye alipata boti nyingine ikamleta Kigoma. Ile ya kwanza hakuna aliyejua ilishushia wapi. Wapo waliomlaumu, maana mdomo haulipiwi ushuru. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mbeleko hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya mfuko, nyekundu, yenye maua ya manjano. Ilikuwa bado na jasho la shingo ya Bukeyeneza, na mafuta ya nywele zake, na ukojo kidogo. Kila jioni Mélanie alifungua, akanusa, akafunga upesi harufu isije ikaisha. Hapo tu ndipo ganzi ilipolegea.

Aliyempokea Ujiji ni Bi Mwanamvua, muuza dagaa, mwanamke mwenye mdomo mkubwa na mkono mkubwa zaidi. Alimpa chumba cha uani wala hakumwuliza dini. Na hili la nguo alilivalia njuga. Alileta doti yake ya kanga ya Idi, akamtanda ushungi hadi masikio yakapotea, akarudi nyuma kutazama, akakiri mwenyewe kwamba amemtengeneza mke wa shehe. Mtoto akimwona ataamkia shikamoo apite zake. Wakajaribu gauni la vifungo. Bi Mwanamvua akasema linamfanya karani. Blauzi nyeupe nayo ikamwonyesha kama katoka kulazwa. Mélanie alivaa na kuvua alivyoambiwa, na kioo kilipoletwa hakujitazama.

Mwisho akaweka mkono juu ya mfuko. Alijua akiitoa mbeleko nje, ile harufu upepo utaipunguza. Lakini mtoto wa mgongoni, alieleza, haoni sana uso wa mama yake. Anaona kisogo, na anaona kitambaa kilicho chini ya kidevu chake, kutwa nzima. Bukeyeneza alikuwa akiyagusa yale maua moja moja mpaka usingizi umchukue. Kwa hiyo ataitanda mabegani, maua yaonekane. La harufu hakulisema. Bi Mwanamvua akasema hapo sasa umenena.

Sasa Ujiji bwana, mwanamke haendi studio na nguo inayonuka. Kupiga picha ni shughuli: nguo hufuliwa, hupigwa pasi, hufukizwa udi, hata kama anayeipiga ni jirani yako. Asubuhi, Mélanie akiwa ufukweni anageuza dagaa, Bi Mwanamvua alifungua yale mafundo, akakunja pua, akamhurumia mgeni wake. Akaifua mbeleko kwa sabuni ya mche, akaianika juani, akaipiga pasi ya mkaa, kisha akaitandaza juu ya chetezo mpaka moshi ukaingia kila uzi. Aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi, huku akiimba.

Mélanie aliporudi aliikuta imekunjwa juu ya mto. Aliiinua puani. Akaigeuza, akatafuta upindo uliokuwa ukikaa chini ya kidevu cha mtoto, akavuta pumzi tena. Udi. Akakaa kitandani na nguo usoni.

Bi Mwanamvua, aliyesimama mlangoni akingoja kushukuriwa, aliuliza kama bado inanuka.

“Alikuwa humu,” Mélanie alisema.

Mwenyeji wake alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa, alikaa kizingitini akalia kwa sauti, mtu mzima yule, akiomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiha. Mélanie alimtazama. Alitafuta hasira moyoni mwake, hakuipata. Akatafuta machozi, nayo hayakuwepo. Alichopata ni wivu tu, kwamba mwenzake ameweza kulia.

Akaitanda mbeleko mabegani, akanyoosha maua yakae mbele, akaenda kumshika mkono amwinue.

“Nyamaza, mama,” alisema. “Picha haina harufu.”

Wakaenda pamoja hadi kwa Hamdani. Hamdani akamkalisha kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, akausifu udi wake, akamwambia ainue kidevu na acheke kidogo.

Akacheka.