Kusukuma Kinu na Binti Yangu

Mimi na binti yangu hatujui kuongea tukiwa tumekaa. Nimpe kigoda, chai iwe katikati, tutaulizana habari za wajukuu, habari za mvua, tutamaliza. Atanitazama kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Nami namtazama, namtafuta yule mtoto niliyemwacha Mwamgongo meno ya mbele yakiwa yanang'oka, simwoni. Maneno yetu yote ya maana tumeyasemea kwenye kinu cha mawese.

Asiyejua kinu cha huku kwetu Simbo nimweleze. Ni pipa la chuma limesimamishwa, ndani lina vyuma vya kuponda, juu umelazwa mti mrefu. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zikishachemshwa zinamwagwa humo zikiwa za moto. Watu wawili wanashika mti, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wanazunguka mpaka mafuta yatoke chini. Pipa liko katikati yenu. Mwenzako unamsikia anavyohema, ila uso wake huuoni.

Sasa niseme nilivyompoteza, na waliofanya niwataje. Wa kwanza ni mume wangu. Alikuwa mvuvi. Dagaa wakikosekana alinipiga, wakipatikana alikunywa kwanza ndipo akanipiga. Siku ya mwisho alinivunja mkono kwa kafi. Majirani wakanibeba mpaka kwenye boti ya Kibirizi, nikafika hospitali sijitambui. Wa pili ni dada yake, wifi yangu. Nilipopona nikarudi kumchukua mwanangu, akasimama mlangoni: "Mtoto ni wa ukoo. Mahari yako ilishaliwa huko kwenu, unataka nini tena hapa?" Wa tatu ni balozi wa nyumba kumi wa pale, aliyekula samaki wa mume wangu mpaka akashiba. Yeye alinisindikiza ufukweni kama mwizi wa kuku.

Nilirudi kila nilipopata nauli. Mwamgongo haina njia nyingine, ni boti tu, na boti ikitia nanga kijiji kizima kinajua nani ameshuka. Kabla sijafika mlangoni mtoto alikuwa ameshafichwa. Halafu nauli ikakosekana, halafu mama yangu akaugua, halafu nikasikia binti ameshaolewa, sijui wapi. Mume alikufa. Balozi naye alikufa. Sikulia kwa yeyote. Wifi ndiye amebaki.

Kumbe binti aliolewa Buzebazeba, hapo hapo mjini, karibu na soko ninalouzia mafuta yangu. Miaka yote hiyo huenda alikuwa anapikia maharage mawese niliyokamua mimi. Nikifikiria hilo mpaka leo napata kichomi.

Alikuja mwenyewe, asubuhi, mtoto mgongoni; jina langu alilisikia pale sokoni. Nilikuwa kinuni nimekasirika, maana mwanamke niliyezoea kusukuma naye hakutokea na ngazi zinapoa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mafuta bado, mama, rudi jioni."

"Sikuja kununua. Nimekuja kukuona." Akataja jina la baba yake.

Ningesema nilimkumbatia, ningekuwa mwongo. Niliganda. Yeye akatazama pipa likitoa moshi, akamfungua mtoto, akamlaza kwenye kitenge kivulini, akashika ncha ya pili. "Hizi zikipoa si hasara?" Tukaanza kuzunguka.

Jirani yangu akapita na ndoo kichwani. "Yewe! Leo umepata trekta la bure!"

"Trekta lenyewe linanyonyesha," binti akajibu, "mafuta yake mnalipa nyie?" Jirani akacheka mpaka maji yakammwagikia. Mimi nikajiuliza, ulimi huo ameutoa wapi, kama si kwangu?

Tukaendelea kuzunguka. Halafu nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa pipa. "Shangazi aliniambia ulimfuata Mkongo. Muuza vitenge."

"Mkongo yupi? Mimi Kongo naionea milima yake tu, nikiwa Kibirizi, tena siku isiyo na ukungu."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Nilikufuata wewe. Nimekufuata mpaka wenye boti wakawa wananicheka."

Tukazunguka, tukazunguka. Kisha akasema taratibu, kama anayezungumza na miguu yake: "Kuna siku shangazi alinipa muwa mzima. Shangazi hanipi muwa. Akanituma mlimani kufukuza nyani kwenye mihogo. Nikiwa kule juu nikaona boti inataka kuondoka, na mwanamke amekaa mchangani hataki kupanda. Mzee mmoja anamvuta mkono. Nilicheka sana. Nilidhani mlevi."

"Sikuwa nimelewa," nikamwambia.

Mti ukawa mzito ghafla. Nikajua ameachia. Sikuzunguka pipa kwenda kumtazama, nilijua nikienda tutaharibu. Nikasema, "Shika, mwanangu. Zinapoa." Baada ya muda mti ukawa mwepesi tena. Mafuta ya siku ile yalitoka mekundu, mazuri, wala sikumbuki niliyauza kwa nani.

Tangu siku ile huja kila msimu wa ngazi. Anakuja na gari la asubuhi, anasukuma, anasema, jioni anaondoka. Ameniambia mengi ya nyumba ile, jinsi alivyolala jikoni na moshi wa dagaa, jinsi shangazi huyo huyo alivyouza dhahabu yake mwenyewe ya masikioni ili amlipie matibabu alipougua degedege. Hilo lilinichoma kuliko mengine. Nilitaka wifi awe mbaya mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka huu nimekata mikungu, nimechambua, nimechemsha. Simu ikalia.

"Sitakuja," akasema. "Shangazi amepooza upande mmoja. Hana mtu. Niko Kibirizi nasubiri boti."

Nyuma yake nilisikia makelele ya wapagazi na injini. Nilitaka kusema: mwache aoze. Nilikuwa nayo mdomoni. Mwanamke yule alikula miaka yangu ishirini, sasa anakula na msimu wangu?

"Mama, upo?" binti akauliza.

"Mimi simsamehi. Usije ukanipelekea salamu kwake."

"Sijakuomba salamu. Nimepiga ili usinisubiri kama siku ile mchangani."

Nikakaa chini, palepale kwenye maganda. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia mimi simu ili nisisubiri. Waliokuwa wakinificha mtoto walipenda nisubiri.

"Nenda," nikasema. "Mgeuze-geuze kitandani, asipate vidonda. Na wewe ule, usimlishe yeye ukajisahau."

"Nimesikia. Nitakuja msimu ujao."

"Usingoje msimu. Akipata nafuu, au akifa, njoo. Hata kama hakuna ngazi, hata kinu kiwe kimelala. Njoo tukae."

"Tukae tu?"

"Tukae tu. Tutajifunza."

Akacheka kidogo, halafu injini ikameza sauti.