Taa za Juu ya Paa: Miaka Yangu katika Yadi ya Ukaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu alinisimamisha mbele ya lori lililoegeshwa karibu na lango akaniuliza naona nini.

"Naona lori, bwana," nikamjibu.

"La. Unaona mtu aliyeamka alfajiri akaliosha lori lake ili wewe usilitazame. Anza hapo."

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka Mombasa, kijana wa kanzu na kofia, nikakaa kwa mjomba aliyeuza vitambaa katikati ya Nairobi. Umeme wa magari nilikuwa nimejifunza bandarini, na serikali ilikuwa ikitafuta wakaguzi Waafrika wa kushika nafasi za Wazungu waliokuwa wakifungasha. Mkaguzi Mkuu mwenyewe alikuwa amerithi kiti, kabati na koti jeupe la Mzungu aliyemtangulia. Koti lilimbana mabegani, lakini hakulibadilisha kwa muda wote niliomfahamu.

Nilipangiwa sehemu ya taa pamoja na Wekesa, kijana wa Bungoma, Mkristo aliyeimba nyimbo za kanisani huku akifungua skrubu. Mwanzoni tulikula pamoja kila adhuhuri, yeye na chai yake, mimi na mahamri ya mke wa mjomba. Kazi yetu ilikuwa kuliweka gari mbele ya ukuta mweupe, kuwasha taa kubwa, kisha kumwambia dereva aziinamishe, yaani ageuze mwanga utazame chini ili anayekuja mbele asipofuliwe. Mwanga usipoinama, gari linarudi nyumbani bila cheti.

Taa za kawaida hazikutusumbua. Zilizotusumbua ni taa za ziada, hasa kwenye Landrova na magari mengine ya kupanda milima na kuvuka mito. Nitaieleza sheria kama tulivyofundishwa sisi, maana vijana wa leo hudhani haikuwepo. Taa mbili za ziada ziliruhusiwa kwenye bampa, zilingane kimo, na zizimike zenyewe dereva anapoinamisha taa kubwa. Taa za juu ya paa zilikuwa za porini. Mwenye gari aliweza kuwa nazo, lakini akiwa kwenye barabara ya umma ilimpasa azizime na kuzifunika kwa kifuniko kisichopitisha mwanga. Ama kurunzi ile ya kuzungushwa kwa mkono, tuliitilia shaka hata ikiwa imezimwa. Majangili waliitumia kumduwaza swala asimame kama amefungwa kamba, na machinjio ya Dagoretti hayakuwa mbali kwa mtu mwenye nyama asiyotaka kuulizwa ilikotoka.

Basi sheria ilikuwa na mguu mmoja barabarani na mwingine porini, na watu wakapita katikati.

Nilianza kuona jambo. Landrova inaletwa, safi, haina taa hata moja juu. Nikipanda kwenye bampa na kutazama paa, nakuta matundu manne matupu, kila moja limezungukwa na duara la rangi inayong'aa, mahali ambapo jua halijafika. Ndani, chini ya usukani, kuna swichi. Ukiibonyeza, hakuna kinachowaka. Waya zimefungwa utepe na kusukumwa nyuma ya kitambaa cha dari.

Ya kwanza niliyoikataa ilikuwa ya bwana mmoja aliyemiliki kampuni ya kuwapeleka watalii mbugani. Kila mtu alimwita Mkurugenzi, nami sitamtaja zaidi ya hapo. Alikuja mwenyewe, miwani ya jua usoni, akaenda moja kwa moja ofisini. Punde nikaitwa.

"Gari lina kasoro gani?" Mkaguzi Mkuu akauliza.

"Lina matundu ya taa juu ya paa, bwana. Taa zimeondolewa leo hii."

"Umeziona?"

"Nimeona mahali pake."

Akaegemea kiti. "Salim, sikiliza. Tundu si taa. Siwezi kumshtaki mtu kwa tundu. Mpe cheti chake."

Nikampa. Mkurugenzi akanishukuru kwa Kiswahili kizuri sana, na adabu ile ikanitia wasiwasi kuliko matusi.

Baada ya hapo sikumwamini mtu. Magari yalizidi kuja na matundu matupu, na yote yalikuwa yamefungwa utepe wa namna moja, mweusi, umezungushwa kwa mkono uleule stadi. Nilijiambia kuna mtu wa yadini anayewafundisha wenye magari waondoe nini, lini, na wapi wakarudishiwe. Nilimtazama Mkaguzi Mkuu alivyosalimiana na matajiri. Nilimtazama karani wa lango. Kisha nikaanza kumtazama Wekesa. Alikuwa ameacha kuimba. Nikiingia chumba cha vifaa, alinyamaza. Adhuhuri alikula peke yake, na Jumamosi aliondoka mapema akielekea stendi ya mabasi ya Riruta, ilhali alikaa Eastlands, upande mwingine wa mji.

Mkaguzi Mkuu naye alikuwa akituangalia wote. Asubuhi moja alitukusanya akasema, "Humu ndani kuna mdomo unaotembea. Nikiupata, mwenye mdomo atafuata." Alipomaliza kusema, kila mtu alimtazama aliyesimama kando yake.

Nikahamishiwa kizuizi cha barabarani karibu na Uthiru, kwenye njia kuu ya kwenda bondeni. Niliamini nimeondolewa mjini ili nisione. Lakini pale ndipo nilipoona vizuri zaidi. Magari niliyoyajua kwa matundu yake yalipita mbele yangu na taa nne kichwani kama mataji. Nikiyasimamisha, dereva anatoa vifuniko vya turubai kutoka chini ya kiti na kusema, "Nilikuwa ndiyo nataka kuzifunika, bwana mkaguzi." Tukamwachia, maana taa zilikuwa zimezimwa na jua linawaka. Kosa lilikuwepo, lakini kwa taa iliyozimwa mchana na kifuniko mkononi lisingesimama mahakamani.

Hapo Uthiru nilizoeana na Ndung'u, muuza maziwa. Alipita kwa baiskeli kila asubuhi, madebe mawili nyuma, akishuka kuelekea mjini. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha. Aliniita "Bwana Taa." Wiki moja hakupita. Nikamuuliza mkewe, aliyekuja barabarani na debe moja kichwani.

"Yuko hospitali," akasema. "Gari lilimmulika."

"Lilimgonga?"

"Nimesema lilimmulika. Lilitoka huko chini kabla hakujapambazuka vizuri, na moto juu yake kama nyumba inaungua. Hakuona barabara tena. Aliingia kwenye mtaro na maziwa yote. Mfupa wa paja umevunjika, na madaktari wanasema mguu utabaki mfupi."

"Aliliona gari lenyewe?"

"Lilisimama mbele kidogo. Mtu akashuka akamtazama, halafu akaondoka. Aliona pundamilia amechorwa mlangoni."

Gari la Mkurugenzi lilikuwa na pundamilia mlangoni.

Niliandikisha habari hiyo polisi, wakaniambia watamwita. Jumamosi iliyofuata nilivua koti la kazi, nikavaa shati la kawaida, nikaenda Riruta kuutafuta ule mkono wa utepe mweusi. Niliuliza fundi wa umeme wa magari, nikaelekezwa gereji ya mabati nyuma ya ploti za kupangisha. Ilikuwa mchana kweupe, watu wananunua mkaa, redio inalia. Nilipofika kwenye kona ya uzio nikamwona mtu amejibanza, anachungulia ndani kupitia pengo la mabati.

Alikuwa Wekesa.

Aligeuka. Sijawahi kumwona mtu akinitazama kwa chuki kama ile.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni wewe."

"Mimi? Wewe ndiye unayekuja huku kila Jumamosi!"

"Nakuja kukuvizia wewe! Niliwasikia madereva wakiitaja gereji hii. Gari la kwanza lenye matundu ulilipa cheti kwa mkono wako. Nikasema huyu mswalihina ndiye anayewaleta huku."

"Niliamrishwa nilipe."

"Na mimi nilijuaje?"

Tulikuwa tumeshikana mashati tayari. Makelele yetu yakamtoa fundi mwenyewe, Mutiso, mtu mnene aliyevaa ovaroli, koleo mkononi. Nyuma yake ndani ya gereji tukaliona gari jeupe lenye pundamilia. Taa zake zilikuwa juu ya paa, nne, na mbili zilikuwa bado na matope.

"Nyinyi ni watu wa yadi," Mutiso akasema. Hakuuliza. "Ingieni, msipigane nje kwa watu."

Wekesa akamuuliza moja kwa moja nani wa yadini anayemtumia wateja.

Mutiso akacheka kwa mshangao. "Wa yadi? Hakuna. Hawa matajiri wanaambiana wenyewe huko klabu yao. Mmoja alikuja, akarudi na rafiki yake, rafiki akaleta shemeji. Mimi nafunga na kufungua tu. Na kila mtu namwambia, hii ni ya porini, barabarani funika. Hata vifuniko nawauzia. Kosa langu liko wapi?"

Kwa sheria ile, halikuwepo.

"Na huyu wa pundamilia?" nikauliza.

"Huyo alikataa kununua vyangu. Alisema ataenda kutafuta vya bei rahisi mjini. Jana ndiyo ameleta gari, anataka nitoe taa zote haraka. Nimeona haraka yake nikasema acha kwanza nimalize kazi zingine."

Wekesa alikaa na gari. Mimi nikakimbia kituo cha polisi.

Kesi ilisikizwa mjini. Mkurugenzi alikuja na wakili, na hoja ya wakili ilikuwa nyepesi: ndiyo, gari lina taa, na sheria inaziruhusu; asubuhi ile zilikuwa zimefunikwa; mlalamishi alipofuliwa na gari jingine. Vifuniko vikaletwa mezani, vinne, vya turubai ya kijani. Ndung'u alitoa ushahidi ameegemea magongo. Wakili akamuuliza kama mtu aliyepofuliwa na mwanga anaweza kuona picha mlangoni.

"Nilikuwa mtaroni, bwana," Ndung'u akasema. "Gari lilikuwa limenipita. Taa zilikuwa zinatazama mbele, mimi niko nyuma. Nilimwona na yeye mwenyewe. Alivaa hivyo hivyo."

Mkaguzi Mkuu aliitwa na upande wa utetezi. Alisema gari lilipokaguliwa halikuwa na taa za juu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilimtazama koti likimbana, nikajiuliza amepewa nini. Mpaka leo sijui kama alipewa chochote.

Hakimu alikuwa mtu mkimya aliyepanguza miwani yake mara kwa mara. Aliposikia yote aliuliza gari liko wapi. Akaambiwa liko uani, lilihifadhiwa kama kielelezo. Akasimama. "Twendeni."

Tukatoka wote juani, mawakili, askari, Ndung'u na magongo yake. Hakimu akampa Mkurugenzi vile vifuniko. "Vivishe taa zako kama ulivyozivisha asubuhi ile."

Mkurugenzi akapanda kwenye bampa. Akakivuta kifuniko cha kwanza juu ya taa. Kikafika nusu. Akakigeuza, akakivuta kwa upande mwingine, uzi ukalia. Akajaribu cha pili. Taa zilikuwa pana kuliko vifuniko, na hakuna nguvu ambayo ingevifikisha ukingoni. Jasho likamtoka chini ya miwani ile ya jua. Wakili wake akatazama viatu vyake. Hakimu akamwambia, "Shuka, inatosha."

Alitiwa hatiani, akanyang'anywa leseni, akaamriwa kumlipa Ndung'u fidia. Ndung'u hakupanda baiskeli tena. Alifungua kioski cha chai pale Uthiru, na kila nilipopita aliniita kwa jina lilelile, ila mzaha wake ulikuwa umepungua.

Yadini, Mkaguzi Mkuu alituita mimi na Wekesa. Tulisubiri hasira. Akasema, "Kuanzia leo, mkiona tundu, liandikeni kwenye cheti. Mwenyewe akiulizwa barabarani, ajibu." Hatukumuuliza kwa nini hakulifikiria mapema. Alistaafu muda si mrefu baadaye. Aliyemfuata alikuwa Mhandisi msomi, mpole, aliyetaka kila shaka iandikwe kwa taipu. Nilifanya naye kazi hadi nikapewa sehemu nzima ya taa, kisha nikawa mkufunzi wa wakaguzi wapya.

Mimi na Wekesa tulirudi kula pamoja, lakini ilichukua muda. Watu wawili wakishakamatana mashati, chai ya kwanza huwa chungu. Alipomwoza binti yake nilikwenda Bungoma, akanikalisha meza ya ndugu.

Sasa nimestaafu, naishi Riruta. Kazi ile ilinipa chakula na heshima, lakini iliniharibu jicho. Marehemu mke wangu alilalamika kwamba wageni wakija naangalia kwanza gari lao, kisha nyuso zao. Wapwa zangu huegesha mbali. Shaka ilinisaidia kulinda watu nisiowajua, na ikanitenga na baadhi ya niliowajua. Sijapata namna ya kuyagawa mambo hayo mawili.

Juzi jirani yangu kijana, Brayo, alinunua gari la magurudumu manne. Jioni alibisha hodi.

"Sasa, mzee. Shikamoo," akasema, akichanganya salamu zote mbili. "Nataka kuweka taa juu ya hiyo gari yangu, zile kubwa. Nimeambiwa ulikuwa unajua mambo ya sheria. Inakubaliwa ama haikubaliwi?"

Nilimtazama, nikatafuta mtego. Nikachungulia nyuma yake, gari lake limesimama langoni. Paa halikuwa na taa wala tundu.

"Bado hujazifunga?" nikamuuliza.

"Bado. Si ndiyo nimekuja kuuliza kwanza?"

Nikabaki nimeshika mlango. Katika maisha yangu yote ya kazi, mjini na Uthiru, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza kabla ya kufunga. Brayo akadhani sikusikia, akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

"Nimesikia, mwanangu," nikamwambia. "Ngoja nivae viatu."