Timu Iliyoitwa Gesi

Juzi hapa Mtwara niliwaona vijana wakipaka chokaa mistari ya uwanja. Harufu ile ikanirudisha kwetu Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mpaka, kwenye mechi ya mwisho ya timu ya skola, shule yetu, dhidi ya vijana wa kijiji cha Mbau.

Msimu ule ulianza vizuri, kisha wachezaji wetu wakawa wanapungua. Kila nilipouliza, watu walinijibu, "Amechukuliwa na gesi." Nami nikaamini kwamba Gesi ni timu kubwa ya Palma inayokusanya wachezaji bora.

Alasiri ya mechi ile kaka yangu Saidi, kipa wetu, alikuwa akifunga kamba za viatu aliponiambia kwamba kesho naye anaondoka.

"Kwani Gesi hawana kipa?" nikamuuliza.

Alinitazama kidogo. "Hawana, mdogo wangu. Ndiyo maana wananitaka."

Basi nikasimama nyuma ya goli lake kwa fahari, kwenye moshi wa samaki wa kukaanga, nikimwambia kila mtu kwamba huyu ni wa Gesi. Timu haikutimia, tukafungwa vibaya. Saidi alinibeba mabegani hadi nyumbani, jasho lake likilowesha gauni langu.

Kumbe gesi ilikuwa mradi wa kuchimba gesi kule Palma, naye alikwenda kufyeka njia za magari kwenye kambi yao. Baadaye vita vikatutawanya, yeye akaishia Nampula, mimi huku. Tunaongea kwa simu. Nikimuuliza kama karibu na kwake kuna uwanja, husema upo, ila yeye hupita njia nyingine.